Papa Asilimia Mia

Ujumbe uliingia Jumamosi saa nne asubuhi, wakati Mahmoudi Assani anapunguza kiuno cha suruali ya bwana mmoja aliyekonda. Ulitoka Canada. Simu ya Mahmoudi ndiyo iliyokuwa simu pekee ya maana nyumbani kwake, kwa hiyo binti yake Nyota, alipoomba nafasi katika chuo kikuu cha huko, aliandika anwani ya baba yake. Tangu hapo fundi huyu aliilaza simu juu ya cherehani, mbele ya macho, kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

Alisoma kwa Kifaransa chake cha darasa la sita, kidole kikitembea juu ya kioo. Aliona jina la Nyota. Akaona *félicitations*, yaani hongera. Akaona 100 %. Kulikuwa na maneno mengine katikati, na mengine mengi chini, lakini mtu wa Kisangani, huku Kongo, akishaona jina la mwanawe, hongera na asilimia, huyo amemaliza kusoma. Ndivyo matokeo ya mtihani wa taifa yanavyokuja kwenye simu kila mwaka: jina, asilimia, basi. Mwaka uliopita Nyota alipata sabini na mbili, na mtaa mzima ulizungumza wiki mbili. Sasa mia. Mahmoudi hakuwahi kusikia binadamu aliyepata mia.

Aliiacha suruali ya watu na sindano ndani yake, akatoka sokoni, akapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, bila hata kupatana bei. Njiani alimwambia mwenye baiskeli. Walipofika avenue ya kumi na mbili, mtaani kwao Tshopo, mwenye baiskeli ndiye aliyekuwa akitangaza, naye Mahmoudi nyuma anaitikia kwa kichwa.

Kule kwao mtoto akifaulu hapongezwi kwa mdomo tu. Humwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka abaki macho, na poda inatoka kwa majirani, si kwa wazazi. Mama Clothilde, aliyeuza unga wa fufu na sabuni pale kwenye kona, alifungua makopo matatu ya poda aliyokuwa anauza, na Nyota alipotokea na fungu lake la pondu, majani ya mihogo, kichwani, alikuta watu wanamngoja wamejipanga.

"Nimefanya nini?" aliuliza, ana miaka kumi na tisa na poda mpaka kwenye kope.

"Umepita," alisema Mama Clothilde. "Canada. Cent pour cent, mia kwa mia."

Nyota aliiomba simu aone mwenyewe. Simu ilikuwa imezima. Bwawa la umeme liko hapo hapo Tshopo, maji yake unayasikia ukilala, lakini umeme wenyewe ulikuwa na siku mbili haujaonekana kwao. Basi akacheka na wengine, akacheza na wengine, na kama alikuwa na shaka kidogo moyoni alimwonea baba yake huruma, maana hajawahi kumwona anacheza. Mama Clothilde alileta jogoo. Jioni kaka yake Mahmoudi, mzee Abdulhamid, alitangaza habari baada ya swala, kisha akaja na valizi mpya ya magurudumu, kubwa ya kuingia mtu.

* * *

Umeme ulirudi Jumapili alfajiri. Nyota alisoma ujumbe akiwa amesimama, akausoma tena akiwa ameketi, kisha akamfuata baba yake uani, aliyekuwa anapiga mswaki kwa furaha.

"Papa, ulisoma mpaka chini?"

"Chini kuko nini?"

"Banasema félicitations, hatua ya kwanza ya dossier imekamilika cent pour cent. Ni makaratasi, papa. Bulletin, diplôme, lettre. Banasema vyote vimefika. Sasa bataandikia maprofesa wangu wawili ba masomo bawaulize juu yangu. Kisha bakubwa bao bataketi. Jibu ni avril."

Mahmoudi alitoa mswaki mdomoni. "Donc ile mia ni ya makaratasi."

"Ni ya makaratasi, papa."

Masikio yalimwaka moto. Aliiona valizi kupitia mlango, imesimama katikati ya sebule kama mgeni aliyekuja kukaa. Aliona haya mbele ya binti yake kuliko mbele ya mtu yeyote duniani, na kwa sababu hiyo hiyo akasema jambo la kipumbavu.

"Tunyamaze kwanza. Avril haiko mbali. Bakikukubali, nani atajua?"

"Na bakikataa?"

"Tutaona."

Mkewe Aïcha, aliyekuwa anachambua mchele na kusikia kila neno, hakuinua kichwa. "Mficha uchi hazai, baba Nyota."

"Mimi nimeshazaa," alisema Mahmoudi, akaingia ndani.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Sokoni walimwita Papa Cent pour Cent, na wateja walimpa mkono kabla hawajampa kitambaa. Mama mmoja alileta sare ya mwanawe ishonwe upya kifungo kimoja, ili tu kiguswe na mkono wenye bahati. Msikitini aliombwa awausie wazazi wenzake, akasimama akasema maneno matatu manne juu ya nidhamu huku jasho linamtiririka mgongoni. Watu walisema ni unyenyekevu. Nyumbani walimla jogoo wa Mama Clothilde, na Mahmoudi alishindwa kumaliza paja.

* * *

Jumatano ujumbe mwingine ukaja. Safari hii Mahmoudi hakuugusa. Aliukimbiza nyumbani, Nyota akausoma. Mkuu wa shule ameshajibu, walisema. Profesa wa pili, mwalimu wake wa hesabu na fizikia, bado. Siku ya mwisho ni kesho, Alhamisi, na dossier isiyo na majibu mawili haitafika mbele ya kamati.

Nyota alivaa viatu akaenda shule yake ya zamani. Alirudi baada ya saa nzima, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi za kuponda lituma, anakata maganda mazito na nyama yake.

"Prof Nephtali alivuka mto tangu juzi, ngambo ya Lubunga, iko kwa shamba yake," alisema. "Atarudi samedi, siku ya mwisho imeshapita. Telefone yake haipite. Secrétaire anasema prof aliona ile mail kwa cyber. Aliifunga. Alisema: huyu bameshamukubali, batu bote banajua, mimi nimurecommander, nimusifu kwa nani tena?"

Mahmoudi alihesabu mambo yaliyotokea tangu Jumamosi, moja baada ya jingine, na kila moja lilianzia kwenye mdomo wake. Mdomo huponza kichwa, wanasema, lakini huu wake ulikuwa umeponza kichwa cha mtu mwingine. Aliogopa. Binti huyu alikesha mwaka mzima kwa ajili ya nafasi hiyo, na baba yake ndiye aliyekuwa akimfungia mlango, kwa mapenzi na kelele.

"Utaenda kesho asubuhi umwambie," alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana, papa." Nyota aliweka kisu chini. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Mimi sikusema kitu kwa mutu. Ni weye ulisema. Nikienda mimi, ataona ninatafuta maneno tu. Ni weye utaenda."

Aïcha aliingia ndani akatoka na shati jeupe la baba Nyota, la Idi, akaanza kulipiga pasi.

* * *

Alhamisi saa moja asubuhi Mahmoudi aliteremka mtoni. Mtumbwi wa kwenda Lubunga ulikuwa unajaa: wanawake wenye vikapu vitupu wanaokwenda kununua mihogo, baba mmoja na godoro lake, na mbele kabisa, ameketi kama nahodha, Mama Clothilde. Mahmoudi alitamani kungoja mtumbwi mwingine, lakini alikuwa ameshaonekana.

"Bamupe nafasi huko," aliamuru Mama Clothilde. "Huyu ni papa ya ule mutoto ya cent pour cent. Ni mimi nilimwanga poudre."

Mpiga kasia, kijana wa Kigenia, kabila la wavuvi wa hapo, aitwaye Jacques, aliukataa mkono wa Mahmoudi uliokuwa unatoa nauli. "Papa ya cent pour cent hapana kulipa kwa pirogue yangu. Mudogo yangu iko kwa sixième. Umuombee tu."

Mtumbwi ukang'oka. Mama Clothilde alisimulia tangu mwanzo, na hadithi ilikuwa imenenepa tangu Jumamosi: sasa chuo chenyewe kilipiga simu, na mzungu alilia. Wanawake walimwangalia Mahmoudi kwa upendo. Baba wa godoro alitaka kujua mtoto alikuwa anakula nini. Nauli ilikuwa bado mkononi mwa Mahmoudi, imelowa jasho, naye alifikiri juu ya yule mdogo wa Jacques wa darasa la mwisho, aliyeombewa kwa baraka isiyokuwapo, na akaona kwamba hawezi kufika ng'ambo namna hii.

"Hakupata mia," alisema.

"Unasema nini?" aliuliza Mama Clothilde.

"Minasema mutoto hajapita. Hajakataliwa, hajakubaliwa. Ile mia ilikuwa ya makaratasi, kwamba yote yamefika. Nilisoma ya juu, sikusoma ya chini. Ni mimi nilidanganya batu, bila kutaka, na kisha nikanyamaza nikitaka. Sasa profesa amesikia ameshapita, amekataa kumwandikia, na leo ni siku ya mwisho. Ninaenda kumuomba."

Kasia lilisimama hewani. Kisha mwanamke mmoja nyuma akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, na mtumbwi mzima ukafuata, mpaka Jacques akawaonya kwamba watazama. Mama Clothilde peke yake hakucheka.

"Makopo matatu," alisema. "Na jogoo."

"Nitalipa, mama."

"Jogoo mulikula?"

"Tulikula."

Mama Clothilde alimgeukia. "Sasa kama mutoto hajapita, ni sasa ndiyo anahitaji batu. Akishapita atakuwa na kazi gani na sisi? Alors unajua shamba ya ule prof iko wapi? Hauijue. Utazunguka mpaka mangaribi. Mimi ninaijua, ninanunuaka mihogo kwake."

Walipogusa ukingo Jacques alinyoosha kiganja. "Bon, papa. Sasa lipa." Mahmoudi alilipa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili kifua chake kilipata nafasi.

* * *

Profesa Nephtali walimkuta katikati ya mihogo, suruali imekunjwa mpaka magotini, kofia ya majani kichwani. Alimwona Mahmoudi na shati lake la Idi, akaendelea kulima.

"Papa Nyota. Umekuja kuniaga? Mutoto mwenyewe hakuona njia."

Hapo Mahmoudi akaelewa kitu ambacho secrétaire hakukisema. Mwanafunzi akifaulu, nyumba ya kwanza kupiga hodi ni ya mwalimu wake. Nyota hakupiga hodi. Siku mbili mzee huyu alikuwa amengoja asikie mlango, kisha akavuka mto na hasira yake.

"Batoto bane nilibaandikia, bane," alisema Nephtali, jembe likipanda na kushuka. "Mumoja iko Bruxelles, mumoja Dakar. Hakuna aliyerudi kusema hata merci. Nikasema Nyota ni mutoto mwingine. Kisha ninasikia poudre, ninasikia jogoo, ninasikia hotuba kwa mosquée. Na mimi, kimya."

"Hakukuja sababu hajapita, prof."

Jembe lilibaki juu.

Mahmoudi alieleza yote kwa mara ya pili asubuhi ile, na mara hii ilikuwa ngumu zaidi, maana hapakuwa na mto wa kuangalia. Alisema "nilikosa" mara tatu. Mama Clothilde, nyuma yake, alithibitisha poda kwa vidole vitatu. Alipofika kwenye asilimia mia ya makaratasi, Nephtali aliketi juu ya tuta la mihogo, akavua kofia, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Myaka makumi tatu ninafundisha batu asilimia," alisema alipopata pumzi. "Makumi tatu." Akajifuta macho, akatazama jua. "Ni leo ya mwisho? Na unanitazama tu? Nipe ile shati yangu pale."

* * *

Cyber ya mjini, chumba cha intaneti ya kulipia, ilikuwa na mashine sita, na moja kati yake ndiyo iliyokuwa na herufi zote. Nephtali aliketi, akaijaribu nywila yake mara mbili, ya tatu ikakubali. Mahmoudi alivuta kiti nyuma yake, akajiapiza moyoni atasoma kila neno.

Swali la kwanza lilitaka mwalimu achague mwanafunzi yuko wapi akilinganishwa na wenzake. Palikuwa na visanduku vitano, vimepangwa kutoka juu: 1 %, 5 %, 10 %, 25 %, 50 %. Nephtali, bila kufikiri, alibonyeza cha juu.

"Prof," Mahmoudi alisema, akijitahidi kutulia. "Umemupatia moja."

"Ndiyo."

"Moja pour cent."

"Ndiyo, papa."

"Prof, kama bado una kasirani, mimi ndiye nilikosa. Mutoto usimuue. Kuko hamsini pale chini. Hamsini ni ya kupita."

Nephtali aligeuka na kiti. Hakucheka safari hii, maana aliyaona macho ya mwenzake. "Sikiliza. Chukua batoto mia niliofundisha. Bapange mustari. Hapa banauliza: Nyota ni katika bangapi ba mbele? Hamsini ni nusu ya mustari. Kumi, ni kumi ba mbele. Moja, ni yeye tu, mbele yake hakuna mutu. Unaelewa?"

Mahmoudi alielewa. Alitazama ile namba ndogo kuliko zote na akaiona ni kubwa.

Swali la pili lilitaka kisa kimoja kinachoonyesha tabia ya mwanafunzi. Nephtali aliandika kwa vidole viwili, akisoma kwa sauti anachoandika, akimtafsiria baba mtu. Aliandika kwamba katika mwaka wa tano Nyota alinyoosha mkono akasema hesabu ya mwalimu ubaoni ina kosa. Mwalimu alikasirika, akampeleka akakate majani ya uwanja wa shule kwa panga siku mbili. Usiku wa pili mwalimu alirudia hesabu nyumbani, akaona mtoto ndiye aliyekuwa sahihi. Kesho yake aliomba msamaha mbele ya darasa. Mwanafunzi akasema si kitu, akauliza kama wanaweza kuendelea na somo, kwa sababu mtihani ulikuwa karibu.

Mahmoudi aliikumbuka wiki ile. Nyota alirudi na malengelenge viganjani, akasema ni salongo, kazi ya usafi ya wanafunzi wote, naye akampaka mafuta ya mawese na kumwambia awe hodari. Hakujua. Mtoto alikuwa amebeba jambo lake lote peke yake, ili nyumbani wasiudhike na mwalimu.

"Hii nayo unaituma?" aliuliza. "Inasema weye ulikosa."

"Inasema mutoto alisahihisha," alisema Nephtali, akabonyeza.

Kioo kilisema ahsante, jibu limepokelewa. Mahmoudi aliomba kishushwe mpaka chini kabisa. Chini hapakuwa na kitu kingine.

Walipotoka, habari ilikuwa imewatangulia, kwa sababu Mama Clothilde alivuka kabla yao na mihogo yake. Jioni ile Mahmoudi alikwenda nyumba kwa nyumba na kuomba radhi, akifuatwa na kicheko kutoka uzio hadi uzio. Mzee Abdulhamid aliitazama valizi, akaipigapiga mgongo. "Ikae tu," alisema. "Ukirudisha, dukani hawaipokei." Na Ijumaa, kabla ya swala, Nyota mwenyewe alipiga hodi kwa Profesa Nephtali na sahani ya lituma, akasema merci mapema, jibu liwe lolote.

* * *

Jibu lilikuja katikati ya Aprili, mchana, sokoni. Mahmoudi aliona jina la chuo na hakufungua. Alimaliza mshono aliokuwa nao, akafunika cherehani, akaenda nyumbani kwa miguu, mkono juu ya mfuko wa shati. Waliomwona anatembea hivyo waliuliza kama kuna msiba.

Alimpa Nyota simu. Akaketi mkekani karibu na Aïcha. "Soma. Usiruke hata kituo."

Nyota alisoma. Salamu. Kisha kwamba kamati ina furaha kumpa nafasi, katika fizikia, pamoja na bourse, ufadhili wa miaka minne: masomo, chumba na chakula. Sauti yake ilipanda na kukatika. Aïcha alikuwa ameshasimama, mikono juu, lakini mumewe akaushika upindo wa kitenge chake.

"Bado. Chini kuko nini?"

Nyota akaendelea, machozi yakimdondokea kwenye kioo. Chanjo. Bima. Barua ya kupeleka ubalozini kuomba viza. Koti zito la baridi. Kufika tarehe ishirini na nne Agosti. Mtu atampokea uwanja wa ndege akiwa na karatasi yenye jina lake. Shuka mbili atapewa. Namba ya ofisi. Msijibu kwa anwani hii.

"Imekwisha, papa."

"Yote?"

"Yote."

Mahmoudi bado alikuwa ameushika ule upindo. "Tarehe ya kufika umesoma. Ya kurudi?"

Nyota alipandisha kidole kwenye kioo mpaka juu, akakishusha mpaka chini, polepole, kwa heshima ya swali. "Hiyo hawakuandika, papa."

Mahmoudi alikubali kwa kichwa. Miezi yote hii alikuwa akisukuma ule mlango ufunguke, na hakufikiri hata siku moja ni nani atakayetoka. Furaha ilimjaa na uchungu ukamjaa, vyote pamoja, na hakujaribu kuvitenganisha. Aliuachia upindo wa mkewe. Aïcha akapiga kigelegele kilichofika mpaka mtoni, na papo hapo kichwa cha Mama Clothilde kikatokea juu ya uzio.

"Banasema nini?"

Mahmoudi alisimama, akamshika binti yake bega, la karibu, lililokuwa bado hapo.

"Bamemuchukua," alisema. "Myaka ine."